Mita Moja na Nusu

Usiniulize maana yake. Nasimulia alivyoniambia rafiki yangu, fundi baiskeli, mtu asiyejua kutunga uongo.

Asubuhi moja alikwenda ziwani na shemeji yake kujaribu kimpira kipya cha kielektroniki cha kutafutia samaki. Unakirusha kwa uzi, kikigusa maji kinawaka, na simu inaonyesha kina cha maji chini yake. Ukiwa mbali nacho zaidi ya hatua mia, simu haikipati.

Shemeji alijiviringishia uzi kwenye kifundo cha mkono. "Kikipotea, dada yako atanichinja!"

Simu ya fundi ikaonyesha mita tisa. Kisha sita. Kisha mbili, na kimpira hakijasogea. Ghafla uzi ukavutwa. Shemeji akaburutwa kifudifudi juu ya mawe, analia, meno yanamwagika, mpaka kiganja kikang'oka na kuzama pamoja na kimpira. Akakata roho njiani kwenda hospitali.

Juzi jioni umeme ulikatika, fundi yuko jikoni peke yake. Simu ikalia: kimpira kimewaka. Mita moja na nusu. Ziwa liko mbali, saa nzima kwa gari. Maji ya karibu ni ya tangi lake, nyuma ya ukuta.

Mita moja. Nusu.

Halafu akasikia mfuniko wa tangi ukisogezwa.