Vipimo vya Ekzosi ya Oscar

Kila Jumamosi, akishadeki na kuosha vyombo, Martina wa darasa la sita alikwenda gereji ya mama yake mdogo, Catherine, karibu na stendi ya Msamvu. Mama Mdogo alikuwa fundi wa ekzosi, yaani mabomba ya moshi ya magari, na mkono wake ulisifika mji mzima. Mafundi wanaume wenye gereji kubwa walimjia kumwuliza mambo, tena kwa adabu. Martina alimwonea fahari kupita kiasi.

Siku hiyo kijana Oscar alileta gari jekundu la mashindano. Alijiandaa kwa mbio zake za kwanza, kwenye barabara ya vumbi inayopanda Milima ya Uluguru.

"Shikamoo, fundi. Nataka ekzosi ya kuamsha mtaa."

"Marahaba. Mtaa haushindani, baba, linashindana gari."

Ekzosi zilikuwa mbili: nene inayong'aa na kunguruma, na nyembamba yenye sailensa ndefu ya kupunguza mlio. Martina, shabiki mkubwa wa makelele, aliipenda ile nene palepale.

"Mlio baadaye," Mama Mdogo akasema. "Kwanza tujue barabara inataka ipi. Martina, Oscar akae kwenye usukani gari lishuke kwa uzito wake, nawe upime kutoka ardhini hadi tumboni mwa gari: mbele, katikati na nyuma."

Martina akapima mbele. Katikati na nyuma kulihitaji kulala kwenye mafuta machafu, na uvivu ukamshika. Akaandika namba za kubuni, tena kubwa, ili ile nene ionekane inaenea.

Mama Mdogo akazisoma. "Basi nene itaenea." Akachora alama kwenye bomba, akawasha mashine ya kukatia.

"Mwaka mzima nimezisubiri mbio hizi, fundi," Oscar akasema. "Gari halitanigomea njiani?"

"Halitagoma. Kapima Martina."

Maneno hayo yalimchoma Martina. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Mama Mdogo, subiri. Nimepima mbele tu. Nyingine nimebuni."

Mashine ikazimwa. Mama Mdogo hakufoka. Alitandika boksi, wakaingia wote wawili chini ya gari, wakapima upya. Nyuma palikuwa chini mno. Ile nene ingegonga mawe ya mlimani ikang'oka. Wakafunga nyembamba, na Oscar alipowasha, gari likatoa mlio mzito uliotulia.

"Nimekubali, fundi," akasema, akitabasamu.

Martina akamwomba radhi. Oscar alipoondoka, Mama Mdogo alimketisha.

"Kuteleza si kuanguka, mwanangu. Lakini elewa: fundi hawezi kupima kila kitu mwenyewe, lazima amwamini mwenzake. Uongo wako ulijulikana kwako peke yako, na gari lingeulipia mlimani. Umeusema kabla bomba halijakatwa, na huo ndio uungwana. Jumamosi ijayo linakuja gari lingine. Utapima wewe."