Kipimo cha Chumba cha Pili

Jambo lenyewe lilianza kwa sifa, na nani anayeogopa kusifiwa? Dada mtu alikuja Jumamosi kumwogesha mzee kama kawaida yake. Alimlaza ubavu, akaukagua mgongo, kisha akatoka hadi sebuleni mikono ikiwa bado na povu.

"Vile vidonda vinafunga," alisema. "Nilikuwa nakusema vibaya kwa watu, mdogo wangu. Nisamehe. Kumbe unamgeuza."

Mdogo wake alichomoa hedifoni ya sikio moja, akatabasamu kinyonge, akajibu kwamba tunajitahidi, tutafanyaje, mzazi ni mzazi. Dada akamshika bega, akamwombea kheri. Alipogeuka kurudi chumbani, yule bwana alibaki anatazama sakafu. Wiki ile nzima hakuwa amemgeuza baba yake hata mara moja.

Mtaani walimwita Masikio, kwa sababu ya kazi yake. Duka moja kubwa la vifaa vya simu lilikuwa likimletea hedifoni, zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, naye akizivaa, akizisikiliza, akijirekodi video ya kuwaambia watu kama zinafaa au ni takataka. Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Alianza na vile vipira laini vya kwenye ncha, vidogo, vya kati na vikubwa, akijaribu sikio moja baada ya jingine, maana tundu lake la kulia lilikuwa pana kuliko la kushoto, kama ilivyo kwa watu wengi ambao hawajui. Akishavaa alitafuna hewa, akatikisa kichwa, akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Zikichomoka, basi, hazina lao. Zikikaa, alisikiliza besi; alitaka iwe nzito lakini ijue pa kuishia, isiwe kama mtu anayelipiga godoro fimbo. Alisikiliza sauti za juu kama zinang'aa au zinakwaruza kama sufuria inayosuguliwa. Alimsikiliza mwimbaji kama amesimama mbele yake au amefungiwa kabatini.

Kipimo cha mwisho ndicho kilichompa watazamaji. Alikiita kipimo cha chumba cha pili. Hedifoni nzuri, alikuwa akisema, ikikaa sawasawa inaziba kabisa. Mtu akikuita kutoka chumba cha pili husikii kitu. Watu walicheka, wakaandika kwamba wanazitaka hizohizo, huyu kwa ajili ya mkewe, yule kwa ajili ya bosi wake. Hawakujua kwamba chumba cha pili kilikuwepo kweli, na kwamba ndani yake kulikuwa na mtu anayeita.

Mtu huyo alikuwa baba yake. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka kiharusi kilipompiga upande mmoja kikamwacha hawezi hata kujigeuza kitandani. Hospitali waliagiza ageuzwe mara kwa mara, mchana na usiku, ngozi isije ikafa. Kwa hiyo mzee akichoka kulalia upande mmoja aliita, kwa sauti nyembamba iliyobaki, "Mwanangu, njoo unigeuze." Na mwanawe, vipira vikiwa masikioni, alikuwa akipandisha muziki kidogo kidogo mpaka sauti ile izame. Pale ilipozama ndipo alipotoa alama. Hedifoni iliyomzamisha baba yake muziki ukiwa bado chini ndiyo iliyopata alama za juu. Kila mara alijiambia atakwenda wimbo ukiisha. Wimbo ukiisha, hujifungulia mwingine wenyewe. Hivyo ndivyo vidonda vilivyoanza, Mungu atusamehe sisi sote tulio na wazazi.

Siku iliyofuata sifa za dada, Masikio aliingia chumbani kwa mzee mchana kweupe, kwa aibu tu. Asubuhi alikuwa amemwacha ameelekea ukutani. Sasa alikuwa ameelekea dirishani, mto umewekwa nyuma ya mgongo jinsi muuguzi alivyowaonyesha zamani, na shuka limenyooshwa bila mkunjo. Chumba kilinukia mpira mpya uliopata joto la mwili, harufu ileile anayoisikia akitoa vipira sikioni baada ya kuvivaa siku kutwa.

"Baba, nani amekugeuza?"

"Aliyenisikia," mzee alisema.

Alidhani ni kijembe. Akakimeza kwa kuwa alikistahili, akatoka bila kuuliza zaidi. Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mtu mwenye aibu huona kila jambo linamsema yeye, hata lile ambalo lingemtia hofu mapema.

Hofu ilikuja kwa mkono wa mtazamaji. Chini ya video yake mpya, mtu asiyemjua aliandika: kaka, huyo anayeitika nyuma yako ni nani? Wengine wakadakia kwamba nao wamesikia. Masikio akacheka peke yake, akachukua hedifoni nyeusi alizozisifu katika video hiyohiyo, zile zilizoziba kuliko zote alizopata kuvaa, akachagua kipira kikubwa kwa sikio la kulia na cha kati kwa la kushoto, akavisukuma mpaka mtaa wote ukakatika, honda, watoto, bomba la jirani, akabaki na damu yake tu inayopiga. Kisha akafungua video.

Alijiona akizungumza. Kisha akajiona akinyamaza, akifumba macho, akisikiliza wimbo ambao ndani ya video hausikiki. Na katika ule ukimya akasikia, kwa mbali, kushoto, sauti ya baba yake: mwanangu, njoo unigeuze. Mara ya pili: mwanangu. Yule mtu kwenye kioo cha simu, ambaye ni yeye, akatikisa kichwa kwa kuburudika.

"Naam, baba," sauti ikaitika.

Ilikuwa sauti yake. Si ya kufanana. Yake, na ile mikwaruzo yake kidogo ya asubuhi, ila ilikuwa na upole ambao yeye hakumbuki kuutumia tangu utotoni. Na midomo yake kwenye kioo ilikuwa imefumbwa.

Sasa tatizo la hedifoni nzuri ni kwamba hazifichi kitu. Kama zingekuwa zile za kubahatisha asingesikia zaidi, lakini hizi zilimpa kila kitu mahali pake, zikampa ndala zinazoburuzwa kutoka jikoni, ambako hapakuwa na mtu, zikapita nyuma ya kiti chake kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, mpaka zikasimama karibu sana na maikrofoni, na hapo akasikia pumzi, ndefu, yenye unyevu, kama ya mtu anayeinama kutazama mwenzake aliyelala, halafu ndala zikaendelea, pete za pazia zikagongana, kitanda kikalia, na ile sauti yake mwenyewe ikasema polepole, baba, nishike shingoni, hivyo, na mzee akashukuru, akashukuru kwa machozi, huku yule kwenye kioo akifumbua macho na kusema kwa furaha kwamba hizi, jamani, hizi zimefaulu kipimo cha chumba cha pili.

Video ikaisha. Kioo kikawa cheusi. Na katika sikio la kushoto peke yake, lenye kipira cha kati, mtu akanong'ona:

"Wewe endelea na kazi yako. Huku nipo mimi."

Alizing'oa hedifoni kwa nguvu hata sikio likatoa damu. Chumba cha pili, pazia lilikuwa bado linacheza.

Alimpigia simu dada yake kumwambia kwamba nyumbani kuna kitu. Namna kitu hicho kilivyopata njia hakumwambia. Dada hakuuliza maswali. Alikuja na ustadhi wa msikiti wa jirani, mtu mfupi wa maneno machache, mwenye kikohozi. Ustadhi alizunguka nyumba, akanusa hewa, akasimama mbele ya meza iliyojaa hedifoni za kila aina zikiwa zimelala kwenye vijisanduku vyao.

"Hapa ndipo unapokaa?"

"Ndiyo, ustadhi."

"Mzee akiita, hapa anasikika?"

Masikio alisema kwamba aghalabu anakuwa kazini. Ustadhi akamjibu kwamba hakumuuliza alikuwa wapi, amemuuliza kama mzee anasikika. Basi ikabidi aseme. Aliyasema yote, dada yake amesimama palepale: muziki wa kupandisha kidogo kidogo, sauti ya kuzamisha, alama. Alieleza hata kwamba bila mzee kuita asingejua zipi zinaziba na zipi hazizibi, kwa hiyo siku nyingine, mzee akiwa kimya, alikuwa akikaa na hedifoni mkononi kumsubiri achoke.

Dada yake hakupiga kelele. Alimwangalia masikio, si macho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nikakuombea kheri." Akaenda kukaa kitandani kwa baba yao.

Ustadhi akaanza kusoma. Mwanzoni hapakuwa na kitu, ila ile harufu ya mpira wenye joto ilianza kujaa sebule mpaka ikawa nzito kama mtu wa tatu amejibanza kati yao. Kisha mzee akasikika.

"Ustadhi, mnamfukuza nani?"

"Tunamfukuza asiye wa nyumba hii, mzee wangu."

"Basi angalieni msikosee mtu."

Ustadhi aliacha kusoma. Akasogea mlangoni, akasema kwa upole, "Mzee, yule si mwanao."

"Najua," mzee alisema. "Nimejua tangu siku ya kwanza. Mwanangu hajapata kunyoosha shuka. Nimeshona nguo za watu miaka yote, mkono wa mtu naujua." Akapumua. "Lakini ukiwa umeita mpaka umechoka, akaja wa kukuitika, wewe ungemuuliza ni nani?"

Masikio alitamani kuzimia, hata hilo akalikosa. Ustadhi alifumba macho akaendelea kusoma, sasa kwa sauti ya juu, jasho likimtiririka shingoni, na ndala zikaanza kuburuzwa, kutoka chumbani kwa mzee kuja sebuleni, bila haraka, kama mtu anayefukuzwa kazi aliyoifanya vizuri, zikapita katikati yao, na zilipofika mezani, hedifoni zote zilizolala kwenye visanduku vyake, ambazo hazikuunganishwa na kitu chochote, nyingine hazina hata chaji, zikaanza kutoa sauti nyembamba kama ya wadudu, na ukitega sikio ungesikia kila moja inasema kwa wakati wake, nzuri kwa uzuri wake na mbovu kwa ubovu wake, naam baba, naam baba, naam baba, mpaka ustadhi alipopiga kofi mezani akaamrisha kwa jina la Mungu, na zote zikakatika.

Harufu ikaondoka. Jikoni mlango wa nyuma ukajifunga wenyewe.

Ustadhi aliomba maji ya kunywa. Akiwa anavaa viatu alimwita Masikio pembeni, akamwambia kwamba kile kitu hakikuvunja mlango wa mtu. Kilikuta mahali patupu, kikakaa. "Nimekitoa," alisema. "Lakini mahali ni pako. Sina dua ya kukaa hapo badala yako."

Masikio alizipeleka hedifoni zote dukani, na tangu siku hiyo akawa anapimia hukohuko. Akiwa nyumbani masikio yake yakawa wazi. Mzee alipoita, alikwenda. Alijifunza kuweka mto nyuma ya mgongo. Alijifunza kunyoosha shuka, ingawa mkunjo mmoja uliendelea kumshinda, upande wa miguuni, na mzee, ambaye sasa alikuwa akimwambia ahsante kila mara kama mgeni anavyomwambia mwenye nyumba, hakupata kuutaja. Majirani walimsifu. Dada yake alianza tena kumwita mdogo wangu. Yeye peke yake alijua kwamba haendi kwa mapenzi. Anakwenda mbio ili asitanguliwe.

Kisha ikawa jioni moja, jua halijazama, yuko jikoni anachemsha maziwa ya mzee. Mtu ukiyaacha maziwa kidogo tu yameshamwagika jiko zima. Yalikuwa yameanza kupanda, naye ameshika kijiko, aliposikia, "Mwanangu, njoo unigeuze."

Alifungua mdomo aitike. Akayatazama maziwa. Akasema moyoni, yapande, nizime jiko, niende.

"Naam, baba," ikaitika kutoka chumba cha pili.

Kitanda kikalia. Pete za pazia zikagongana. Na ile sauti yake mwenyewe, pole kuliko atakavyowahi kuwa yeye, ikasema nishike shingoni, hivyo.

Angeweza kukimbia, ni hatua chache tu. Angeweza kupiga kelele, kusoma aya aliyofundishwa na ustadhi. Alisimama palepale akikoroga mpaka maziwa yakatulia, akazima jiko, akafunika sufuria. Hofu ilikuja baadaye, na ilikuja kubwa. Lakini kilichotangulia moyoni mwake, kabla ya hofu, Mungu anakijua na yeye anakijua, na hajapata kumwambia dada yake wala ustadhi: kilikuwa ahueni.