Goti la Fundi wa Kuchomelea

Fundi wa kuchomelea vyuma alikatwa mguu chini ya goti. Kisukari ndicho kilichouharibu. Akarudi nyumbani, lakini kidonda kikagoma kufunga. Kila asubuhi mkewe alikisafisha na kukifunga bandeji kama alivyoelekezwa. Wapi! Pembeni kikazidi kuwa cheusi.

Daktari hakumficha.

"Kisipopona, tutakata juu ya goti. Kwanza tujaribu tiba ya oksijeni. Njoo Jumatatu."

Fundi alitoka pale akijiuliza. Goti nalo liende? Lakini alipofika nyumbani, alimwambia mdogo wake, "Oksijeni si ipo karakana kwetu? Jumatatu ya nini?"

Mdogo wake akaleta mtungi wa karakana, sigara mdomoni. Fundi akafungua bandeji, akashika mpira wa gesi akipulizie kidonda.

"Wee! Mnataka kuungua?" Alikuwa muuguzi, jirani yao, amekuja kumjulia hali. "Zima hiyo sigara!"

"Dada, oksijeni ni oksijeni," fundi alisema.

"Hiyo ni ya vyuma, shemeji. Na wewe fundi mzima unajua inavyochochea moto."

Fundi akaona haya. "Sasa hospitali watanipulizia nini?"

"Hawapulizii kidonda. Utalala ndani ya chumba maalumu chenye shinikizo kubwa la hewa, uvute oksijeni safi. Inaingia mapafuni, damu inaibeba hadi kwenye kidonda. Nyama iliyokosa oksijeni haiponi. Masikio yakiuma, sema mapema. Usiingie na kiberiti, wala usijipake mafuta."

"Nitapona?"

"Siwezi kukuahidi. Haimfai kila mtu. Lakini sukari ikikaa sawa, kidonda kikawa safi, na wewe pia ukaacha sigara zako, goti lina nafasi."

Siku ya kwanza mlango wa chumba kile ulipofungwa, fundi aliogopa sana, akamwomba Mungu kimoyomoyo. Akaenda tena na tena, wiki kadhaa. Kuacha sigara kulimtesa kuliko kidonda. Alifoka kwa kila kitu, hata chai. Mkewe alimeza maneno yake, akaendelea kufunga bandeji. Polepole weusi ukaondoka, nyama nyekundu ikaota, ngozi ikaanza kukutana.

Hatimaye daktari akakitazama kidonda kwa muda mrefu.

"Hatukati tena. Nenda kapimwe mguu wa bandia."

Mkewe, ambaye hakuwahi kulia mbele yake, akaketi sakafuni akaangua kilio. Fundi akamwekea mkono begani.

"Inuka, mama watoto," alisema. "Inuka unishike, nami nijifunze kusimama."