Mashini Inakula Mafuta

Mbele ya kusema ya ndugu yangu niseme ya kwangu, kwa sababu Mungu hapendi mutu anayeanza na kosa la mwenzake. Miye ndiye niliiba ile mashini ya kusaga nyama. Niliitoa Fataki siku tulipokimbia vita, nikaibeba mugongoni ndani ya kitenge kama mutoto mpaka Bunia, na nilipomupa ndugu yangu Hippolyte nilimudanganya kwamba nimeiokota katika nyumba iliyoungua. Hiyo ni nusu ya kosa. Nusu ingine itakuja kwa pahali pake. Nikikuambia yote sasa hivi utainuka uende, na miye sina tena miguu ya kukufuata, na niko na ombi kwako.

Mengi sikuyaona kwa macho yangu. Aliyeyaona ni Adeline, muke wa Hippolyte, na amenieleza mara nyingi, hata nayajua kama vile yalipita nyumbani kwangu.

Hippolyte anaunga vyuma, pale Saio, mutaa wa Bunia. Asubuhi ni milango na madirisha ya watu. Kazi ya watu ikiisha, anaingia katika atelye yake, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, anatengeneza vitu ambavyo hakuna mutu aliviomba. Kwenye telefone aliona ng'ambo wanaita kazi hiyo stimpanki: sanamu za shaba na magurudumu ya meno, zinazotembezwa na muvuke, kama mashini za zamani zilizoota ndoto. Siye tuliziita wanyama wa Hippolyte. Alikuwa na kinyonga mwenye macho ya saa za kupima muvuke, na kunguru mwenye mabawa ya vijiko aliyepepea birika likichemuka. Watu walitoka mpaka Ngezi kuja kutazama.

Basi akaanza sanamu kubwa kupita zote: mwanamuke muzee amekaa kwenye kiti. Tumbo ni sufuria ya kufungwa, ile ya kupikia maharagi. Koo ni murija wa shaba. Mikono ni minyororo ya pikipiki. Uso hakuupata, mpaka alipofunga pale mashini niliyomupa, na sahani yake ya matundu ikawa mudomo, na mukono wa kuzungushia ukakaa pembeni kama sikio.

— Nilitaka kutengeneza simba, alimwambia Adeline. Vyuma vyenyewe vilikataa.

Visi, ile skrubu kubwa ya ndani inayosukuma nyama, ilikuwa imekamatwa na kutu. Grisi ilikuwa imeisha. Hippolyte akaenda jikoni, akachota kikombe cha mafuta ya mawese, akayamimina mudomoni mwa sanamu. Visi ikazunguka papo hapo, pole, bila kushikwa. Kosa lake ni hilo tu: alipatia chuma chakula cha watu.

Kesho yake Adeline alikuta bidoni ya mawese, dumu zima, imebaki kidole kimoja.

— Baba Abi, mafuta yangu iko wapi?

— Mashini iko nakula mafuta, mama Abi.

— Ikule grisi. Miye sikuizaa.

— Unamuonea wivu muzee hana hata jino?

Wakacheka wote wawili. Mafundi wote wa Bunia wanasema vile juu ya motere iliyochoka: inakula mafuta. Ni neno la kila siku. Adeline alinunua mawese ingine, akaificha chini ya kitanda.

Jini la watu wengine linapenda usiku. Hili lilipenda saa ya chakula. Saa sita ya muchana, Adeline akiwa amekaa na sahani yake, alisikia kutoka atelye, krii, krii, mukono unazunguka, na nyuma ya ile krii sauti ingine, laini, ya maji maji, kama mutu asiye na meno anafyonza mufupa na hana haraka. Hippolyte alikuwa mujini. Adeline akaweka kijiko chini, akaenda, akasukuma mulango. Hakuna mutu. Moto haukuwashwa. Mukono wa mashini ulikuwa unamalizia muzunguko wa mwisho, polepole, kisha ukasimama.

Harufu ndiyo iliyomupiga. Mafuta yaliyooza, na chini yake harufu ya kinywa: kinywa cha mutu mugonjwa ambaye siku nyingi hakuna aliyemuletea maji. Kwenye matundu ya sahani kulikuwa kunatoka nyuzi nyeupe za mafuta, nyembamba kama minyoo, zinaning'inia. Moja ilikuwa na unywele ndani. Akaigusa kwa ncha ya kidole, sijui kwa nini, hata yeye hajui. Ilikuwa na moto wa mwili. Akatapika pale pale kwenye vumbi la chuma.

Tangu siku ile kitu chochote cha mafuta hakikukaa katika nyumba. Sabuni ya kufulia aliikuta imeliwa upande moja, na alama juu yake hazikuwa za panya. Zilikuwa za ufizi. Akafungua mudomo wa mutoto wake Abigaël kutazama, mutoto wa miezi mitano, akaona haya kwa ajili ya wazo lile. Kopo la mafuta ya kupakaa likalambwa mpaka chini, mate yakakaukia pembeni kama njia ya konokono. Kuku wake mwekundu alimukuta chini ya meza ya atelye, muzima, amekaa kimya. Alipomwinua, ngozi ilimubakia mukononi kama nguo kubwa juu ya mutu mwembamba, na ndani mifupa ikacheza. Manyoya ya tumbo yalikuwa yamelambwa, yote yamelala upande moja. Wakamuchinja, wakamupika, na kwenye muchuzi hapakuelea hata jicho moja la mafuta. Hakuna aliyekula.

— Itoe hii kitu, Adeline alisema.

— Ni kazi yangu nzuri kupita zote.

— Ilikula kuku.

— Ni ugonjwa wa kuku, mama Abi. Kwa jirani pia walikufa.

Lakini hakumutazama alipojibu.

Sasa nisikilize vizuri. Abigaël alikuwa mutoto wa kunona. Kwa kila paja alikuwa na mikunjo mitatu, na Adeline aliipenda ile mikunjo, aliihesabu akimwogesha. Siku moja ya mvua, saa ya chakula, alimwogesha, akamupaka mafuta kidogo aliyoomba kwa jirani, akalala naye kitandani. Mvua ilipiga mabati hata hakuna kingine cha kusikia. Ilipopungua akaamka. Mukono wa mutoto ulikuwa umelowana. Nyumba haikuvuja. Akaunusa: ile harufu ya kinywa. Akahesabu mikunjo, ikawa miwili.

Siku ya pili, moja. Kwenye kituo cha afya walimupima, wakamuuliza Adeline kama maziwa yanatoka. Yalitoka. Mutoto alinyonya vizuri, hakulia, hakuwa na homa. Alikuwa anaisha tu, ngozi ya tumbo inakunjika kama karatasi, macho yanakuwa makubwa, na kila saa sita, kule nyuma, krii, krii.

Siku hiyo Hippolyte alichukua kle ya dix-sept, spana ya kumi na saba. Adeline alisimama mulangoni, mutoto kifuani. Bulo, ile bolti inayoshika mashini, ilikuwa imelowana mafuta, kle ikateleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili, na mara ya tatu mukono wake wa kushoto ukaingia ndani ya mudomo wa juu, pale nyama inapowekwa. Mashini ikazunguka mara moja tu. Akautoa mukono akautazama. Damu hakuna, hata tone. Kidole cha shahada kilikuwa cheupe, na ngozi yake ililegea juu ya mufupa kama soksi, tupu ndani, yote iliyokuwa ndani imefyonzwa. Kwenye matundu ukatoka uzi moja mwekundu, mufupi, ukaanguka chini.

Hapo ndipo Adeline alinipigia simu.

— Mama Aaron, kuja. Ndugu yako iko nakwisha, na mutoto pia.

Nilikuja na mama Musoki, muuza vitenge wa kutoka Butembo, anayeongoza kikundi chetu cha maombi. Mama Musoki haogopi kitu. Alitazama ile sanamu, akaziba pua kwa kitenge, akasema:

— Weye Hippolyte, ulikosa mutu mwingine wa kuoa?

Hakuna aliyecheka, naye hakungoja tucheke. Tukaimba, tukapiga magoti juu ya vile vyuma vilivyomwagika. Akaomba mpaka jasho likatoka, akafungua chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa, akaweka mukono juu ya kichwa cha mashini, akamimina kwa jina la Baba na la Mwana, na siye tukasema amina, na katika kimya kilichofuata ile amina tukasikia mukono wa chuma unaanza kuzunguka, polepole, kisha haraka, kisha haraka kupita vile mukono wa mutu unaweza, na mafuta ya Mungu yakishuka katika lile koo la shaba tukayasikia yakimezwa, funda kwa funda, na tumbo la sufuria likapata joto bila moto, na mushale wa saa ya muvuke iliyofungwa kifuani ukapanda, na mapovu meupe yakatoka pembeni mwa mudomo na kudondoka juu ya magoti ya mama Musoki, yakinuka kama kidonda chini ya bandeji, na mutoto Abigaël kifuani mwa mama yake akaanza kufungua na kufunga mudomo wake pamoja na mashini, kwa mwendo moja, mpaka chupa ikawa tupu, na kutoka ndani ya murija ikaja sauti ya mwanamuke muzee, ya upole, bila hasira.

— Usisahau mafuta.

Mama Musoki akarudi nyuma.

— Pepo muchafu, jina lako nani?

— Usisahau mafuta.

— Inaomba ingine, mama Musoki akanong'ona. Hii dawa yetu ndiyo chakula chake. Nani iko na kitu kingine? Miye sina.

Adeline hakumutazama mama Musoki. Alinitazama miye, kwa sababu nilikuwa chini, nimejikojolea.

— Mama Aaron. Unaijua sauti hii.

— Ni tate Scholastique, nikasema.

Hii basi ndiyo nusu ingine.

Tate Scholastique alikuwa jirani yangu Fataki. Tate, kwa maana alikuwa na umri wa kuzaa mama yangu. Miguu yake ilikufa, alikuwa mutu wa kitanda, na kinywani hakubaki hata jino moja. Kila kitu alichokula kilipita katika ile mashini: nyama, maharagi, hata bugali baridi, pamoja na mawese kidogo ili iteleze. Miye ndiye nilimusagia. Aliniambia, mama Aaron, haya ndiyo meno yangu. Siku ya risasi njia yote ilikuwa tupu mbele ya saa tatu, na hakukuwa na mutu wa kumubeba. Niliingia kwake. Nilimwambia, tate, nakwenda kutafuta chakula, narudi sasa hivi. Nikafungua mashini yake mezani, mbele ya macho yake. Nilijiambia, yeye hana kazi nayo tena. Alinitazama nikiifungua na hakuuliza kitu, kwa sababu alidhani naipeleka kumusagia. Nilipofika mulangoni akaniambia, usisahau mafuta.

Alikuwa muzima. Nilimuacha muzima, na nilibeba meno yake. Sijui ni siku ngapi alikaa akingoja.

Nilisema hayo yote katika atelye, nimelala chini katika mukojo wangu. Nilipomaliza, mukono wa chuma ukazunguka mara moja, kinyume, na mashini ikatapika. Ikatoka mawese nyeusi, ikatoka sabuni, mafuta ya kuku pamoja na manyoya, ikatoka yale ya zeituni, na mwisho kitu chepesi, cheupe, chenye harufu ya maziwa. Hicho Adeline alikijua. Akalia kwa mara ya kwanza.

Bulo ilifunguka kwa vidole. Hippolyte akaifungua kwa mukono muzuri, akanipatia mashini katika gunia.

— Yaya, dada yangu, hii ni yako, alisema. Sikukatai. Lakini isilale hapa.

Abigaël amerudisha mikunjo miwili, Mungu asifiwe. Hippolyte anatengeneza wanyama wake kwa vidole tisa, na yule muzee wa chuma amekaa bado kwenye kiti, hana uso, hakuna anayethubutu kumugusa. Padri amenisamehe. Lakini aliyebaki bila meno si padri.

Mashini iko hapa, chini ya kiti changu. Ndiyo, hiyo unayoisikia. Kila saa ya chakula naitilia kijiko cha mawese. Haimudhuru mutu mwingine tena. Tazama mukono wangu lakini, tazama nguo hii, mwaka jana ilikuwa inanibana. Mara mbili nimetaka kuirudisha mwenyewe, na mara mbili miguu imekataa mbele ya kutoka Bunia. Sasa haisimami kabisa. Miye pia nimekuwa mutu wa kitanda.

Weye uko na pikipiki, na nasikia kesho unapeleka mizigo Fataki. Ombi langu ni hili. Nyuma ya kanisa, nyumba ya tatu, mulango wa bati. Funga mashini mezani, karibu na kitanda, pahali pake pa zamani. Acha pale bakuli la maharagi, na mawese ya kutosha. Kama kuna mutu kitandani, ao kilichobaki cha mutu, musalimie kwa heshima. Kisha utoke, ufunge mulango polepole, na usimwambie kwamba utarudi.