Mwiko Hauachwi

Mardiyah alianza siku kwa simu. Aliitazama akila daku, akipiga mswaki, hata akifunga kamba za viatu. Mara nyingi hapakuwa na jipya. Alichungulia tu.

Idi ilipokaribia, bibi yake, Bi Romlah, aliinjika karai kubwa la dodoli, kitamu cha kunata kama halua, nyuma ya nyumba. Unga wa mchele wa kunata, tui la nazi na sukari nyeusi vilianza kutokota. Kila Idi majirani wote walipelekewa dodoli yake.

"Bibi, mwaka huu nipe mwiko," Mardiyah aliomba.

"Mikono miwili, mjukuu wangu. Dodoli haiachwi, itashika chini. Na tumefunga, hatuwezi kuonja."

"Na simu ataishika kwa mguu?" alicheka binamu yake, Fadil, akichochea kuni.

"Nyamaza wewe, mla majivu!"

Mardiyah alikoroga vizuri. Bibi akaingia ndani kukata majani ya migomba ya kufungia dodoli, Fadil akafuata kuni. Ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Asubuhi alikuwa ametuma picha ya karai. Nani ameipenda? Aliitoa kwa mkono mmoja. Rafiki yake alikuwa ameuliza swali. Akaachia mwiko amjibu.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomshtua. Akaudaka mwiko.

"Usikwangue!" Bibi alitoka mbio, Fadil naye akirudi na kuni. "Ukikwangua utaichafua yote! Fadil, ondoa kuni!"

Walichota dodoli ya juu taratibu, wakaimimina kwenye karai jingine. Nusu nzima ilibaki chini, nyeusi kama lami.

"Moto ulizidi?" Bibi aliuliza, akimtazama Fadil.

Fadil alifungua mdomo. Mardiyah akamtangulia. "Siyo yeye, Bibi. Niliacha mwiko nikaangalia simu." Machozi yakamtoka. "Majirani je? Mpe Fadil akoroge."

"Aliyeacha mwiko si Fadil. Shika wewe."

Mardiyah aliifukia simu kwenye pipa la mchele, akarudi motoni. Kila mara mkono ulishuka wenyewe, ukakuta mfuko mtupu, ukarudi kwenye mwiko. Mwanzoni aliona uchungu, kama mtu aliyesahau kitu njiani. Baadaye alianza kuitazama dodoli: ikawa nzito, ikang'aa, ikatoa mafuta, mwisho ikauachia mwiko bila kunata.

Adhana ya magharibi ilipolia, walifuturu, kisha wakaonja. Fadil alitafuna polepole, macho juu.

"Haina ladha ya simu," alisema.

Wote wakacheka, Mardiyah pia.

"Tutakata vipande vidogo," Bibi alisema, "na kila nyumba itapata. Wewe ndiye utakayepeleka, mjukuu wangu, na wakiuliza mbona vidogo, waambie ulivyoniambia mimi."

"Nitawaambia. Na simu, Bibi?"

"Simu si mbaya. Ila mkono hufuata ulichozoezwa. Uliuzoeza kuchungulia, leo umeanza kuuzoeza kazi. Kesho kwenye daku usiitoe simu pipani. Kula kwanza."