Halua ya Pangoni

Kazi yetu jioni ile ilikuwa nyepesi: kumtembeza mgeni. Elizabeti alikuwa mmisionari mpya kutoka Ulaya, hata jua la Tanga lilikuwa bado halijamzoea. Mara gari la usharika likipata dizeli, angepandishwa Amani kuanza kuhubiri. Laurenti, mchumba wangu, ndiye angekuwa mkalimani wake huko milimani, na kwa mshahara wa kazi hiyo tungefunga ndoa. Mimi nilikuwa mpishi wa nyumba ya wageni pale Chumbageni.

"Rafiki zangu, twendeni tukaone mapango," Elizabeti alisema. Tukaenda, na nywele zake za rangi ya ndevu za mahindi zikipepea mbele yetu.

Idarusi, mtunza mzimu wa pale, alitutangulia na kandili. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Harufu ya mavi ya popo ilitupokea mlangoni, kali, ikanishuka mpaka kooni. Kitu kilipondeka chini ya kandambili zangu. Sikutazama.

Ndani kabisa kulikuwa na ubani, chupa za marashi, mayai... na halua juu ya jani la mgomba.

Halua! Mwaka ule sukari tuligawiwa kwa balozi wa nyumba kumi, kikombe kwa foleni, na wengine tulikunywa chai kwa tende. Hiyo halua ilikuwa inang'aa mafuta katikati ya uchafu wa popo. Mate yalinijaa na kichefuchefu kikanijaa, vyote kwa pamoja.

"Kula si neno," Idarusi alisema taratibu. "Wenye haja zao hula hapa hapa. Lakini ukikigusa, kimalize. Hapa hakitoki kitu."

Elizabeti alicheka. "Hiki ni chakula tu, Laurenti. Mzimu si kitu. Tukile, mimi na wewe. Ukiogopa hapa, Amani utahubiri nini?"

Laurenti alinitazama. Nilitikisa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yameshapanda Amani. Akamega, akala. Elizabeti naye akachukua kipande kilichobaki, akageukia ukutani, akapeleka mkono mdomoni, kisha akajifuta kwa hankachifu.

"Mmemaliza?" Idarusi aliuliza.

"Tumemaliza," alijibu mgeni.

Mzee wa watu akamulika kandili usoni pake, muda mrefu.

Tuliporudi nyumba ya wageni nilipakua wali. Laurenti hakugusa sahani. Lakini alikuwa anatafuna.

Nyaf... nyaf... nyaf...

"Unatafuna nini?"

"Ile halua," alinong'ona. "Haiishi, Ritha. Nameza, inarudi."

Nikamfungua mdomo kwa vidole vyangu. Hamna kitu. Ulimi, meno, mate. Na pumzi iliyonuka marashi na popo, nikageuza uso. Mungu anisamehe, mtu niliyetaka kuolewa naye nilimwona kinyaa.

Alitafuna akiwa amekaa, alitafuna akiwa amelala. Mashavu yakachubuka kwa ndani, mate yakawa ya waridi, yakimchuruzika kwenye shati. Daktari alimchungulia, akasema hana ugonjwa. Kisha akaanza kujing'ata ulimi. Nilimwekea kitambaa katikati ya meno, akakitafuna kikawa nyuzi. Nilijua hali ikiendelea vile, ulimi utakatika, na damu itammaliza.

Elizabeti alimwekea mikono, akaomba kwa sauti ya kusikika barabarani. Kisha akawageukia wazee wa kanisa. "Mimi nilikula pamoja naye. Mbona mimi ni mzima? Ndugu yetu amepungukiwa imani."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Laurenti alisikia kila neno, machozi yakamtoka, na taya halikusimama.

Nilikwenda uani kufua nguo za mgeni, kwa majani ya mpapai maana sabuni ilikuwa hadithi. Kwenye mfuko wa gauni nikakuta hankachifu, imefungwa fundo. Nikalifungua.

Kipande cha halua. Kizima. Kina uvuguvugu.

Sisimizi wa uani kwangu walikuwa wanavamia hata kijiko kilichooshwa, lakini hicho walikizunguka kwa mbali. Na kilikuwa na alama za meno. Mbichi, zina mate. Nilipokuwa nakitazama, Laurenti akatafuna kule ndani, nyaf, na alama nyingine ikajichora mbele ya macho yangu.

Nilitapika kwenye beseni la nguo zake.

Kisha nikampelekea mgeni kile kipande mkononi. "Mama Elizabeti, ulisema umekula."

Aligeuka mwekundu. "Nilishindwa, Ritha. Kulikuwa na unywele ndani..."

"Basi twende ukakimalize. Idarusi alisema, kimalizwe kule."

"Siwezi. Gari limepata dizeli, naondoka sasa. Nitawaombea."

Akapanda gari. Kweli akapanda! Amemwacha mwenzake anajila ulimi, na Biblia kaipakata mapajani. Sijawahi kumtemea mtu mate. Siku ile niliyatema kwenye vumbi la gari lake.

Nikaenda mwenyewe. Jua lilikuwa linazama nilipofika pangoni. Idarusi alinipa kandili.

"Ni chako?" alinong'ona.

"Cha mgeni."

"Utamlia?"

"Nitamlia."

Akafunga macho.

Nilikitia mdomoni. Kilikuwa cha moto, laini, kama kitu ambacho mtu mwingine ameshakitafuna akakutemea. Kikanijongea juu ya ulimi. Nikameza, kikapanda, nikameza tena, nikiwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili. Kikashuka. Unywele ukabaki katikati ya meno. Niliuvuta, ukaja, ukaja tena, mrefu. Nikauweka kwenye mwanga wa kandili.

Ulikuwa wa rangi ya ndevu za mahindi.

Nilipofika nyumbani Laurenti alikuwa amelala, mdomo umetulia. Ulimi ulipona. Tukafunga ndoa.

Elizabeti alishuka kutoka Amani wakati maduka yameanza kujaa sukari tena. Kanisa lilifurika kumuaga. Joto lile, lakini alikuwa amejifunga kilemba kichwani, kimekaza mpaka masikioni, hakuna unywele hata mmoja uliochungulia.

"Nilikula chakula cha mizimu," alishuhudia, "na sikudhurika!"

"Haleluya!" kanisa likaitikia.

Nikahisi kitu kwenye meno. Nikakivuta polepole, nikijificha kwa kitabu cha nyimbo. Unywele mrefu, wa rangi ya ndevu za mahindi. Kule madhabahuni Elizabeti alishtuka, akashika kilemba chake.

Laurenti aliinama sikioni kwangu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mke wangu," alinong'ona, "unatafuna nini?"