Theluthi Moja ya Nyumba

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Limi na mumewe Kija walikuwa wamepanga chumba kimoja Bilele, mjini Bukoba. Kila asubuhi Limi alifagia mbele ya mlango, akajitwisha beseni la dagaa, akaenda sokoni.

Njiani alipita kwenye nyumba ya Ma Jovita. Hapo alipunguza mwendo. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, yenye bati na kuta za chokaa. Nyuma yake ilisimama migomba michache. Ukungu wa ziwa ulipopanda, nyumba ile ilionekana kama inaelea.

Limi aliota macho wazi. Aliona pazia la samawati likipepea dirishani. Alimsikia mwanawe, Shilogile, akisoma kwa sauti katika chumba chake mwenyewe. Alinusa ndizi zikiiva katika jiko lisilogombaniwa na wapangaji wengine. Akizinduka, alikuta beseni limemlemea shingo.

Ma Jovita alikuwa mjane. Ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umewachukua wanawe wawili. Wajukuu walibaki kijijini Izimbya.

Siku moja alimwita Limi.

"Mwanangu, nauza nyumba. Naenda Izimbya kulea wajukuu. Naona unavyoitazama kila siku. Nataka shilingi laki tatu."

Limi hakukumbuka alivyofika sokoni. Siku nzima aliwapimia watu dagaa huku akitabasamu peke yake.

Kija alivua dagaa katika visiwa vya Muleba. Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, na wavuvi hurudi makwao. Juma lile Kija alikuwa nyumbani, na giza lililopita lilikuwa jema.

"Akiba tunayo elfu sitini," Limi alimwambia. "Giza hili umepata elfu hamsini. Tukilipa elfu thelathini kila mwezi, hata mwaka hauishi. Nyumba yetu!"

Kija alicheka kwa furaha. Akamwita jirani yao mzee, Ta Clavery, awe shahidi wao. Ta Clavery alikuwa mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa cha parokia. Aliwaona wengi wakinunua nyumba, na wengine wakizipoteza.

"Hongereni," alisema. "Na mwezi wa kabla ya huu, mlipata ngapi?"

Kija alijikuna kichwa. "Upepo ulikuwa mkali. Kama elfu kumi tu."

"Na kabla ya huo?"

"Mtumbwi ulikuwa unatengenezwa."

"Basi mngelipa nini?"

Limi alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Mama Shilogile, nyumba hainunuliwi kwa mwezi mzuri," Ta Clavery alisema kwa upole. "Changanyeni mapato yenu nyote wawili, miezi mizuri na mibaya, kwa nusu mwaka. Kisha gawanyeni kwa sita. Hapo mtajua mnachopata kweli kwa mwezi."

Walikumbushana mwezi mmoja mmoja. Ikawa elfu ishirini na nne.

"Sasa kateni mafungu matatu. Fungu moja ni la nyumba. Mawili yabaki kwa chakula, shule, hospitali na nyavu. Tena bati likivuja, hakutakuwa na mwenye nyumba wa kumwita. Ni ninyi."

"Elfu nane kwa mwezi," Limi alinong'ona. "Hiyo ni miaka miwili na nusu! Ma Jovita hawezi kungoja."

Aliona pazia la samawati likififia.

"Umemuuliza?" alisema Ta Clavery.

Walikwenda. Limi alieleza huku ametazama chini. Ma Jovita alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika mkono.

"Laki tatu zote kwa mkupuo nizipeleke wapi? Huko kwetu misiba haiishi. Zitaishia matangani. Nipe hizo elfu sitini nianzie. Elfu nane za kila mwezi zitawalisha wajukuu wangu."

Walikwenda kwa katibu wa kata kuandikiana.

"Jina la mnunuzi?" katibu aliuliza.

Kija alifungua kinywa kutaja jina lake. Ta Clavery akamgusa bega.

"Baba Shilogile, siku hizi tunazika vijana. Umeona wajane wangapi wakitolewa nje na ndugu wa mume?"

Kija alimgeukia mkewe. Alikuwa amewaona. Wengine walikuwa wake wa wavuvi wenzake.

"Andika majina yote mawili," alisema. "Kija na Limi."

Ma Jovita alikwenda Izimbya, nao wakahamia katika nyumba. Mwaka wa pili Kija alishikwa na malaria kali. Vipindi viwili vya giza hakwenda ziwani. Limi alipanda gari hadi Kemondo, akanunua dagaa bandarini, akauza sokoni. Walikula kidogo na dawa zilinunuliwa. Elfu nane ilipatikana, kwa sababu haikuwa elfu thelathini. Jioni Kija alijikokota hadi mlangoni, akaketi, akatazama ziwa linavyogeuka rangi ya fedha.

"Tungekuwa tumeipoteza," alisema.

"Tusingekuwa hata na pa kuugulia," Limi alijibu.

Mwezi wa malipo ya mwisho, Ma Jovita alikuja mwenyewe kutoka Izimbya, na wajukuu wake wakimfuata. Limi alikuwa ndani akitundika pazia. Akasikia sauti nje.

"Hodi!"

Alitoka mbio. Ma Jovita alikuwa amesimama uani, hakusogea hata hatua.

"Ma Jovita! Wewe nawe unapiga hodi hapa?"

"Nisipige hodi kwenye nyumba ya watu?"

Limi alishika fremu ya mlango. Machozi yalimlenga.

"Karibu," alisema. "Karibuni kwetu."